Sura ya 6: Jenerali Bila Kikosi

Mnamo Julai 2003 Rais Omar al-Bashir wa Sudan aliwapa wasuluhishi wa IGAD ushauri wa ajabu. Kama hawana pendekezo jingine la maana, alisema, basi waraka wao wa Nakuru wautie majini na wayanywe maji hayo. Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kufafanuliwa tusi hili. Amekuwa akiona tangu utotoni sahani iliyoandikwa kwa zafarani ikioshwa, na mgonjwa akinywa kombe. Wasudani nao wana desturi ya maandishi yanayooshwa ubaoni na kunywewa. Asiyeijua desturi hiyo angecheka tu, akadhani rais ameghadhibika na kuropoka. Aliyeijua alisikia kwamba karatasi za Nakuru hazina faida nyingine duniani, na kwamba walioziandika ndio wagonjwa.

Aliyesimamia uandishi wa karatasi hizo alikuwa Luteni Jenerali Lazaro Kipkurui Sumbeiywo, mwana wa Keiyo, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa kamanda wa Jeshi la Nchi Kavu la Kenya. Kamanda wa jeshi haambiwi na mtu anywe karatasi zake. Jibu likawa kuitisha kikao kingine: mwezi uliofuata pande mbili, serikali ya Sudan na waasi wa Kusini, zilikuwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, zikibishana juu ya waraka uleule. Nanyuki nako hakukuzaa kitu. Wakaitwa tena, safari hii Naivasha.

Kenya imezoea majenerali wanaovua sare na kuingia katika utumishi mwingine. Meja Jenerali Joseph Nkaissery alitoka jeshini akawa mbunge wa Kajiado ya Kati, kisha waziri wa usalama wa ndani mpaka alipofariki Julai 2017. Luteni Jenerali Daniel Opande aliongoza vikosi vya Umoja wa Mataifa huko Sierra Leone na Liberia. Wengi zaidi huishia kwenye bodi za mashirika ya umma, ambako huheshimiwa sana na husikika kidogo. Sumbeiywo ni kisa cha peke yake, kwa sababu kazi iliyomjengea jina aliifanya katika chumba ambamo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewajibika kumtii.

Njia yake ya kufika katika chumba hicho ilipitia ujasusi. Kabla ya kupewa jeshi aliwahi kuongoza ujasusi wa kijeshi, na hiyo ni kazi inayomfundisha mwanajeshi tabia ambazo uwanja wa gwaride haufundishi. Mtu wa ujasusi husikiliza zaidi ya anavyosema, hukaa na watu asiowaamini, na hujua kwamba anachotamka mtu hadharani si lazima kiwe ndicho anachokitaka. Katika Kenya ya Daniel arap Moi, baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, wenye kushika habari walikuwa karibu na rais kuliko wenye kushika vifaru. Sumbeiywo alikuwa mmoja wa watu ambao Moi aliwaamini. Faili la Sudan aliwahi kulishika katika miaka ya 1990, na mwaka 2001, akiwa bado kamanda, alirudishiwa.

Lilikuwa faili zito. Vita vilianza tarehe 16 Mei 1983 mjini Bor, pale askari wa Kusini wa Batalioni ya 105 walipoasi. Miezi michache baadaye Rais Jaafar Nimeiry alitangaza sheria za Kiislamu nchi nzima, na moto ukapata upepo. Kanali John Garang, msomi mwenye shahada ya uzamivu ya uchumi wa kilimo kutoka Iowa, alikwenda Bor kama ofisa wa serikali na akabaki kuwa kiongozi wa waasi wa SPLA. Kufikia mwanzo wa karne hii ilikadiriwa kwamba watu milioni mbili walikuwa wamekufa, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake, ilikuwa na Tamko la Kanuni tangu 1994, lililowapa watu wa Kusini haki ya kujiamulia hatima yao. Khartoum ilisita miaka mitatu kabla ya kulikubali kuwa msingi wa mazungumzo. Baada ya hapo wajumbe walikutana, wakasoma hotuba zao, wakaondoka.

Jenerali hakuleta amani kwa mikono yake miwili, na kusimulia kana kwamba aliileta ni kuionea historia. Tangu Agosti 1999 mafuta ya Sudan yalikuwa yakisafirishwa kupitia Port Sudan, na mafuta hayo yalikuwa na thamani kubwa zaidi kama visima visingeshambuliwa. Washington ilikuwa imemteua John Danforth kuwa mjumbe wake siku chache tu kabla ya mashambulizi ya Septemba 2001, na baada ya mashambulizi hayo serikali ya Bashir, iliyowahi kumhifadhi Osama bin Laden, ilikuwa na kila sababu ya kujionyesha inafaa. Norway, Uingereza na Italia nazo zilikuwepo, zikiwa na pesa na washauri. Shinikizo lilikuwa tele, ila kwa miaka mingi lilikuwa likimwagika kila upande. Kazi iliyohitaji mtu ilikuwa kulikusanya shinikizo hilo chumbani bila kuwaachia wenye nalo waandike mkataba.

Hapo ndipo naona cheo chake kilimsaidia. Bashir alikuwa brigedia alipoipindua serikali tarehe 30 Juni 1989. Garang alikuwa kanali, na Salva Kiir, aliyeongoza ujumbe wa SPLM, tawi la kisiasa la SPLA, kwenye mazungumzo ya Machakos, Kenya, alikuwa mpiganaji tangu ujana wake. Mbele ya watu hawa balozi mzoefu angekuwa mgeni. Jenerali alikuwa mwenzao, aliyejua kambi, ukosefu wa mishahara na chuki ya ofisa anayeletewa amri na raia. Aliwatia katika kikosi chake wajumbe wa nchi jirani, pamoja na washauri wawili waliofanya kazi kubwa ya kalamu: Nicholas Haysom, mwanasheria wa Afrika Kusini aliyewahi kuwa mshauri wa sheria wa Nelson Mandela, na Julian Hottinger wa Uswisi. Wageni wengine walibaki waangalizi. Rasimu zilipaswa kutoka katika sekretarieti, na sekretarieti ilikuwa yake.

Mazungumzo ya Machakos yalianza Juni 2002 na yakachukua majuma matano. Mpangilio wake ulikuwa kinyume cha ushauri unaotolewa siku zote, kwamba uanze na mambo mepesi ili watu wazoeane. Machakos walianza na mawili magumu kuliko yote, dini na dola, na haki ya Kusini kujitenga. Pande zote ziliachiwa kwanza zitoe malalamiko yao, na Sudan ina malalamiko ya kujaza maktaba. Kisha sekretarieti ikaweka mezani waraka mmoja, na tangu hapo mabishano yakawa juu ya maneno ya waraka huo, si juu ya rasimu mbili zinazotazamana kwa uadui. Tarehe 20 Julai 2002 Kiir alitia saini kwa upande wa SPLM, Ghazi Salahuddin Atabani kwa upande wa serikali, na Sumbeiywo akatia yake kama shahidi. Kaskazini ingebaki na sharia zake. Kusini ingengoja kipindi cha mpito cha miaka sita, kisha ingepiga kura ya maoni kuchagua kati ya umoja na uhuru. Wiki moja baadaye Bashir na Garang walipeana mikono Kampala. Walikuwa wamepigana miaka kumi na mitatu bila kukutana.

Kwa maoni yangu mkataba mzima umo katika kurasa zile chache za Machakos. Kazi ya miaka miwili na nusu iliyofuata ilikuwa kupatana bei.

Lakini bei hiyo iliwatoa watu jasho. Tarehe 1 Septemba 2002 SPLA waliuteka mji wa Torit, na ujumbe wa serikali ukafunga mizigo. Raia angeuliza kwa nini mtu anayezungumza amani anateka mji. Mwanajeshi hawezi kuuliza hivyo, maana anajua kwamba hakuna siku ambayo mji una thamani kubwa kama wakati wa mazungumzo. Serikali iliukomboa Torit, na tarehe 15 Oktoba pande mbili zikakubaliana kusitisha uhasama. Mapatano hayo yalikuwa na matundu, yalivunjwa mara kadhaa, ila yalikomesha mtindo wa kila upande kutafuta ushindi wa kwenda nao mezani.

Desemba mwaka huohuo Moi aliondoka Ikulu, na Mwai Kibaki akaingia kwa kishindo cha muungano wa NARC. Watu wengi waliohusishwa na utawala wa Moi walianza kupoteza nafasi zao. Sumbeiywo alistaafu jeshi, lakini kiti cha usuluhishi akaachiwa. Serikali mpya ilipima ikaona kwamba kumkabidhi mtu mwingine faili la Sudan ni kuanza kufundisha upya, na Khartoum isingengoja darasa hilo liishe. Kuanzia hapo hakuwa na jeshi nyuma yake hata kwa jina. Alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mafaili.

Na mafaili yenyewe yaliongezeka. Abyei, Milima ya Nuba na Blue Nile ni sehemu ambazo mpaka wa mwaka 1956 uliziweka Kaskazini, ingawa vijana wengi wa huko walipigana upande wa Kusini. Serikali ilisema IGAD haina mamlaka ya kuzijadili. Njia iliyopatikana ni ya kiofisi kabisa: mazungumzo juu ya sehemu hizo yaliitishwa Karen, Nairobi, mapema mwaka 2003 kwa jina la Kenya, si la IGAD, huku mwenyekiti akiwa yuleyule. Wasiopenda urasimu wanapaswa kukumbuka visa kama hiki. Kubadilisha kichwa cha barua kuliokoa miezi.

Kisha ikaja Nakuru, na ule waraka wa kunywewa. Badala ya kuendelea na suala mojamoja, sekretarieti ilikusanya yote yaliyobaki, madaraka, mali na usalama, ikapendekeza suluhu yake yenyewe. Khartoum iliona waraka umeelemea Kusini, na kwa kusema kweli, katika suala la majeshi uliwapa SPLM mengi waliyoyataka. Lilikuwa kosa la kuharakisha? Wapo wanaosema hivyo. Mimi nautazama kwa jicho jingine: waraka wa Nakuru uliwaonyesha wakubwa wa Khartoum mwisho wa barabara ulivyo, wakaona afadhali waje wenyewe wabishanie kuliko kuandikiwa. Kalonzo Musyoka, waziri wa mambo ya nje wa Kenya, naye alikazana ili viongozi wakutane uso kwa uso. Septemba 2003 Garang na Ali Osman Taha, makamu wa kwanza wa rais wa Sudan, walijifungia Simba Lodge, Naivasha.

Suala la kwanza walilomaliza lilikuwa la majeshi, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo akili ya askari ilipohitajika zaidi. Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 ulikuwa umemaliza vita vya kwanza kwa kuwachukua wapiganaji wa Anyanya, waasi wa Kusini wa wakati huo, na kuwaingiza katika jeshi la taifa. Kwa macho ya raia hiyo ni hatua nzuri, nchi moja na jeshi moja. Kwa macho ya askari wa Kusini ilimaanisha kwamba siku yoyote ofisa wa Khartoum angeweza kumpa uhamisho wa kwenda Kaskazini, mbali na kwao, na kumwacha mama yake bila mlinzi. Batalioni ya 105 iliasi kule Bor mara tu amri kama hiyo ilipokuja. Garang hakuhitaji kusoma historia hiyo. Ilikuwa maisha yake. Kwa hiyo alikataa katakata jeshi moja.

Mapatano ya tarehe 25 Septemba 2003 yalimpa alichotaka. Yangekuwepo majeshi mawili kwa kipindi chote cha mpito, kila moja na kamanda wake, na jeshi la serikali lingeondoka Kusini. Kando yake vikaundwa vikosi vya pamoja vya askari 39,000, nusu kwa nusu: 24,000 Kusini, 6,000 Milima ya Nuba, 6,000 Blue Nile na 3,000 Khartoum. Hii ndiyo sehemu ya mkataba ambayo sidhani ingepita mikononi mwa msuluhishi asiyewahi kuongoza askari. Mtu wa sheria angeona dola yenye majeshi mawili kuwa ni kasoro ya katiba. Askari aliona kwamba bila majeshi mawili hakuna mkataba, na kwamba mtu atakayesalimisha bunduki yake kabla ya kura ya maoni hatakuwa na njia ya kuhakikisha kura hiyo inapigwa.

Baada ya hapo Taha na Garang wakawa wanakaa peke yao kwa saa nyingi, na wasuluhishi wakangoja kuitwa. Jambo hili huwauma watu wenye vyeo. Msuluhishi aliyefungiwa nje ya mlango anaweza kudhani amedharauliwa, akaanza kujipenyeza, na wapo walioharibu kazi yao kwa namna hiyo. Sekretarieti ya Sumbeiywo ilibaki na kazi ya kutengeneza maneno ya yale yaliyokubaliwa, kutafuta wataalamu pale hesabu zilipokwama, na kushughulika na waangalizi waliotaka mambo yaishe kwa kalenda yao. Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alifika Naivasha Oktoba 2003, akaondoka na ahadi kwamba kila kitu kingekamilika kabla ya mwisho wa mwaka. Ilichukua miezi kumi na minne.

Suala la mali lilikamilika tarehe 7 Januari 2004: asilimia 2 ya mapato ya mafuta kwa jimbo yanakotoka, na mapato yanayobaki ya mafuta ya Kusini yagawanywe sawa kati ya serikali ya taifa na ile ya Kusini. Tarehe 26 Mei zikafuata itifaki tatu: ya madaraka, ya Abyei na ya sehemu nyingine mbili. Novemba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilihamia Nairobi kwa siku mbili, na pande zote zikaahidi mbele yake kumaliza kabla ya mwaka mpya. Viambatanisho vya mwisho vilitiwa saini Naivasha tarehe 31 Desemba 2004. Tarehe 9 Januari 2005, katika Uwanja wa Nyayo, Taha na Garang walitia saini Mkataba wa Amani wa Kina. Kati ya mashahidi alikuwepo Powell, naye jenerali aliyegeuka mtumishi wa umma, akiwa katika majuma yake ya mwisho ya uwaziri na akiwa na jina lililochafuliwa na vita vya Iraq.

Mkataba huo ulikuwa na deni, na msuluhishi hawezi kukwepa sehemu yake. Ulikuwa mkataba wa wenye bunduki, tena wa wawili tu kati yao. Mgawo wa madaraka ya taifa ulikipa chama cha Bashir asilimia 52 na SPLM 28. Vyama vingine vyote vya Kaskazini vilipata 14, na vya Kusini 6, ingawa havikualikwa mezani. Darfur ilikuwa inaungua tangu Februari 2003, wakati Naivasha ikizungumza, na kulikuwa na woga kwamba kuitaja kungevunja kila kitu. Wanamgambo wa Kusini waliopigana upande wa serikali waliambiwa wachague moja ya majeshi mawili. Januari 2006 Kiir aliwaingiza wengi wao katika SPLA kwa Tamko la Juba, na jeshi la Kusini likavimba kwa watu ambao jana yake walikuwa wakiuana. Vita vilivyozuka Juba Desemba 2013 haviwezi kuelezwa bila uamuzi huo.

Kufikia Tamko la Juba Kiir ndiye aliyekuwa juu. Garang alikufa katika ajali ya helikopta tarehe 30 Julai 2005, majuma matatu tu baada ya kuapishwa kuwa makamu wa kwanza wa rais. Watu wengi walidhani mkataba ungekufa naye, maana ulikuwa umefumwa kati ya watu wawili. Haukufa. Januari 2011 watu wa Kusini walipiga kura ile iliyoahidiwa Machakos, na asilimia 98.83 wakachagua uhuru. Sijui mikataba mingine mingi ya bara hili iliyotekelezwa katika kifungu chake kigumu kuliko vyote. Kura ya Abyei, ambayo ilipaswa kupigwa siku zilezile, haijapigwa mpaka leo.

Vita vya 2013 vilipozuka, IGAD ilimrudisha Sumbeiywo kazini pamoja na Seyoum Mesfin wa Ethiopia na Mohamed al-Dabi wa Sudan. Safari hii hakuwa na waraka mmoja mkononi wala Simba Lodge ya kuwafungia watu wawili. Walikuwepo wajumbe watatu, marais jirani waliokuwa na masilahi yao, na jeshi la Uganda likipigana ndani ya Sudan Kusini upande wa Kiir. Agosti 2015 Kiir alitia saini akiorodhesha anayoyapinga, na Julai 2016 Juba ikawaka tena.

Mei 2024 mazungumzo yaliyopewa jina la Tumaini yalizinduliwa Nairobi, kati ya serikali ya Sudan Kusini na makundi yaliyokataa kuingia katika mkataba wa amani wa 2018. Msuluhishi mkuu alikuwa Sumbeiywo, sasa mzee mwenye zaidi ya miaka 70. Walifika mbali katika maandishi, kisha Julai bunge la Juba likapitisha sheria inayowaruhusu maofisa wa usalama wa taifa kumkamata mtu bila hati ya mahakama. Wapinzani walisema hawawezi kurudi nyumbani chini ya sheria ya namna hiyo, wakataka iondolewe kwanza. Ujumbe wa serikali haukuwa na mamlaka ya kuiondoa. Mwenye mamlaka alikuwa Salva Kiir, na hakuwepo mezani.